Mzee wa Seva na Folda ya Mapacha

Alikuwa akiingia chumba cha seva amevaa koti. Mwezi wa tisa Bariadi, jua la kupasua midomo, sisi wengine tunajipepea kwa maboksi ya chaki, yeye anakuja na koti zito lililofungwa mpaka kidevuni, anavua viatu mlangoni na kusalimia: "Mwangaluka." Ndani mlikuwa na seva mbili, swichi moja yenye taa za kijani, kiyoyozi kilichopulizia baridi kali, na mimi na dekio langu. Siku za mwanzo niliitikia, mpaka aliponiambia kwa upole, "Wewe nilishakusalimia getini, ng'wanone." Ng'wanone ni mwanangu. Salamu ile ilikuwa ya mashine.

Watu chuoni walimwita Mzee wa Seva, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, ila hajanipa ruhusa ya kuliandika, na ruhusa kwake halikuwa jambo dogo. Nilifanya naye kazi miaka tisa, mimi mhudumu wa usafi, yeye mwangalizi wa kompyuta, katika chuo kimoja cha hapa mjini. Shule niliiachia kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki wote ndani ya mwaka mmoja nikabaki na wadogo zangu mapacha, Kulwa msichana na Doto mvulana. Hao ndio niliowalea.

Watu wengi wanamkumbuka Mzee kwa siku moja tu, siku aliyofuta kazi ya Kulwa, kazi ambayo bila hiyo asingeweza kuhitimu. Aliifuta kweli. Lakini ipo sehemu ya habari ile ambayo hakuisema, na aliyepaswa kuisema ni mimi.

Kazi yake niliielewa polepole, kwa kusikia. Kompyuta za wanafunzi zilikuwa vyumba viwili, na hakuna hata moja iliyotunza kitu ndani yake. Mwanafunzi alikaa popote, akaandika jina na neno la siri. Kompyuta ikaiuliza seva ya kwanza, ya majina, kama huyu mtu inamjua. Ikijibiwa ndiyo, inakwenda kwa seva ya pili, ya mafaili, inamletea folda yake. Folda hiyo Mzee aliiita nyumba. "Ukikaa dirishani, ukikaa mlangoni, nyumba yako inakufuata," aliwaambia wanafunzi wapya kila mwaka. "Kwa hiyo msigombanie viti."

Seva zenyewe zilitumia Linux, na kwenye kioo chake hapakuwa na picha wala kitu cha kubofya. Maandishi tu, meupe juu ya weusi. Mzee aliandika amri, kisha akaondoa mikono kwenye kibodi na kuikalia. Naisema kama ilivyokuwa: aliiweka chini ya mapaja yake, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula. Hapo akaisoma amri kwa sauti, herufi moja moja, nukta, mkwaju, nafasi. Akimaliza, anairudia. Ndipo anatoa mkono mmoja na kubonyeza Enter.

"Hiki kitufe hakiulizi mara mbili," aliniambia. "Windows inauliza, una uhakika? Hapa hakuna aliyekuuliza. Uhakika uje nao mwenyewe."

Msemo wake mwingine ulikuwa kwamba mashine haijui sura wala jina, inajua namba. Kila mtu katika seva ya majina alikuwa na namba yake, na seva ya mafaili iliangalia namba hiyo tu. Niliona maana yake mwaka ambao Mzee alikwenda msibani, na wakati hayupo akaletwa fundi mwingine kuweka seva mpya ya mafaili. Fundi yule akaanza kuhesabu watu upya kwa namna yake. Mzee aliporudi alimkuta mama wa mitihani analia kwamba mashine inamwambia hana ruhusa. Mitihani yote ya muhula ilikuwa imeangukia namba ya mlinzi wa getini, aliyepewa akaunti kwa ajili ya orodha ya wageni.

Mzee alimfuata getini, mlinzi anatafuna muwa.

"Bwana mkubwa, unajua unamiliki nini leo?"

"Baiskeli, Mzee."

"Unamiliki mitihani ya chuo kizima. Tangu juzi."

Mlinzi akatema makapi. "Kwa hiyo nilikuwa namzidi Mkuu wa Chuo?"

"Mbali sana."

"Na hamkuniambia! Mngeniambia hata nikae nayo wikendi moja!"

Tulicheka wiki nzima. Mzee hakucheka sana. Alikaa siku mbili akilinganisha namba za seva moja na nyingine, mtu kwa mtu, na nilipopita na dekio alininyanyulia miguu bila kuacha kusoma.

Kuhusu ruhusa alikuwa mgumu. Kusoma ni ruhusa moja, alisema, kuandika ni nyingine, na mwenye moja asijifanye ana zote. Siku moja mkuu wa taaluma alimtaka amfungulie folda ya mkufunzi mmoja aone anaandika nini. Mzee alikuwa anakula michembe. Alikuwa nayo siku zote mfukoni mwa koti, viazi vikavu vinavyogonga kama kokoto.

"Lete barua," akasema.

"Nani aniandikie barua? Mimi ndiye bosi wake."

"Basi jiandikie. Uisaini, uilete, niifanyie kazi."

"Nikiileta sasa hivi?"

"Sasa hivi nakula."

Barua haikuja. Mkufunzi yule hakujua lolote, na Mzee hakumwambia.

Palikuwa na mkufunzi kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam, mtu mzuri, mwenye haraka. Alimwonea Mzee huruma. "Mzee wangu, haya mambo ya kizamani. Siku hizi unaweka kila kitu mtandaoni, unalala usingizi."

"Vizuri. Nionyeshe."

Kijana akafungua kompyuta yake. Ikazunguka. Ikazunguka tena.

"Leo mtandao unasumbua kidogo," akasema.

"Jana?"

"Jana pia ulisumbua."

"Basi wewe endelea kuzunguka, sisi tuendelee na uzamani wetu." Akampa mchembe. Kijana akautafuna muda mrefu sana.

Mtu huyo aliyekuwa anajua kila faili la chuo liko wapi hakuwahi kujua funguo za nyumba yake ziko wapi. Namba ya simu yake mwenyewe alikuwa akiniuliza mimi. Alikuwa na tabia ya kunifundisha bila kuniuliza kama nataka, kisha ananiuliza swali kama mtihani. Mwaka wa tatu aliniingiza kwenye seva ya majina. "Mzee, mimi nafuta vumbi tu," nikamwambia. Akasema anayeingia chumba hiki lazima ajulikane. Akanifungulia kundi, akaliita usafi, na mimi nikawa mtu pekee ndani yake. Nilikuwa na nyumba yangu mle, na sikujua niweke nini.

Upendeleo aliuchukia. Mwanafunzi akisahau neno la siri alitakiwa aje mwenyewe, hata awe na mguu kwenye plasta. Akisikia mtu anasema "Mzee, nifanyie tu mara hii," alijibu, "Ya mara hii ndiyo ninayoisahau." Maana yake ilikuwa wazi: kanuni aliikumbuka kwa sababu ilikuwa moja kwa wote, na kitu cha pembeni kingempotea akilini.

Na mimi ndiye niliyemwomba kitu cha pembeni.

Ilikuwa mwaka ambao mapacha wangu walichaguliwa kusoma pale chuoni, maendeleo ya jamii. Nilimfuata chumba cha seva nikiwa nimefua sare yangu. Nikamwambia Mzee, hawa ni Kulwa na Doto. Kwetu pacha hawapewi vitu tofauti. Ukimpa mmoja shati, mwingine anapata la kitambaa hicho hicho, na sanduku lao ni moja tangu wazazi wakiwa hai. Nikamwomba awape nyumba moja. Yeye ni Msukuma kama mimi, aliijua desturi hiyo. Ila sababu yenyewe haikuwa desturi, na nilimwambia hiyo pia. Doto alikuwa mtu wa kupotea. Nilitaka Kulwa awe anaona kama mwenzake anaandika chochote, amvute kabla hajapotea.

"Majina mawili, nyumba moja," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hapana."

Kesho yake nikarudi. "Hapana, ng'wanone. Kila mtu na yake." Siku ya tatu sikurudi, nilikuwa nimekata tamaa, nadeki korido. Akatoka akasimama kwenye maji bila viatu. "Nimefanya. Usimwambie mtu, watakuja na mabinamu zao."

Nikasema wabeja, asante, mara nyingi mno. Akasema inatosha.

Kwa miaka miwili ilifanya kazi. Kulwa alifungua, akaona kilichoandikwa na Doto, akanipa taarifa nyumbani tukisonga ugali. "Ameandika mistari minne, dada. Miwili ni jina lake."

Mwaka wa mwisho Kulwa alifanya utafiti wake kwa wajane wa Migato, kuhusu mashamba waliyoachiwa na waume zao na namna ndugu wa mume walivyoyachukua. Alikwenda huko kwa wiki nyingi. Wanawake wale walimwambia mambo ambayo yangewaletea ugomvi mkubwa kama yangesikika, na wakataka aahidi kwamba akishayaingiza kwenye kompyuta, karatasi atazichoma. Kompyuta nyumbani hatukuwa nayo. Alichapa kila kitu chuoni, maneno yao kama walivyoyasema, na jioni alinisomea baadhi kwenye karatasi kabla hatujazichoma. Tulizichoma kwenye jiko langu. Kijiti cha kiberiti nilikiwasha mimi.

Muhula ule ule Doto aliacha chuo akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Msajili akaandika barua kwamba jina lake liondolewe. Mzee alifuata kanuni yake: alibandika jina la Doto kwenye ubao wa matangazo siku thelathini, mwenye la kusema aseme. Nilipangusa kioo cha ubao ule kila asubuhi. Niliona jina la mdogo wangu mle ndani na nikamkasirikia, na hasira ile haikunipa nafasi ya kufikiri kitu kingine. Kulwa naye aliliona. Alidhani kinachoondoka ni jina.

Siku ya thelathini na moja, asubuhi, Mzee aliandika amri ya kumwondoa Doto pamoja na nyumba yake. Nilikuwepo, napangusa dirisha. Akaondoa mikono, akaikalia, akasoma herufi moja moja, akarudia. Hapakuwa na kosa hata la nukta. Akabonyeza.

Saa saba mchana, kama kila siku watu wakienda kula, seva ya mafaili ilinakiliwa kwenye diski ya akiba. Ile diski iliwekwa ifanane na seva: kilichoongezwa kinaongezwa, kilichoondolewa kinaondolewa. Ilipofika saa nane, nyumba ya mapacha haikuwepo popote.

Kulwa alikuwa Migato siku ile. Alirudi baada ya siku mbili, akakaa kwenye kompyuta, akaandika jina lake na neno la siri. Kisha akaja mlangoni kwa Mzee.

"Shikamoo, Mzee. Naingia, ila inasema sina nyumba."

Mzee aliinuka na michembe ikamwagika. Alikwenda kuzima seva ya mafaili, chuo kizima kikapiga kelele, akakaa mbele ya kioo kilichozimika na mikono yake magotini. Kwa siku mbili watu wote walikuwa wameendelea kuandika vitu vyao juu ya mahali palipokuwa na vitu vya Kulwa.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Mimi ndiye niliyepeleka chai.

"Kanuni ni kila mwanafunzi na folda yake," Mkuu akasema. "Kanuni umeiandika wewe. Kwa nini hawa uliwapa moja?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai upande wake wa kulia. Aliniangalia, si kwa muda mrefu.

"Niliona inafaa," akajibu.

"Hakuna aliyekuomba?"

"Kosa ni langu." Kisha akanigeukia. "Sukari inatosha, dada. Asante." Miaka yote ile hakuwahi kuniita dada.

Nikatoka na sinia. Nilisimama koridoni nikiwasikia wanaendelea. Nilikuwa na mtu mmoja bado anasoma, na ajira ile ndiyo iliyokuwa inatulisha, na hayo yote ni kweli, na bado ningeweza kurudi kufungua mlango. Sikurudi.

Mkataba wake ulipoisha hawakumwongezea. Aliomba kitu kimoja, ile diski ya akiba, ambayo ilikuwa imezeeka. Wakampa, kwao ilikuwa takataka.

Kulwa alipewa mwaka wa nyongeza arudie utafiti. Alirudi Migato. Wale wanawake walimkaribisha, wakampa uji, wakakataa. "Tulishasema, mwanetu. Ulituambia umechoma. Sasa unataka tena ya nini?" Wengine walikuwa wameshaanza kuulizwa na mashemeji yule binti wa chuo anafuata nini. Mmoja, ambaye Kulwa alimpenda kuliko wote, alikuwa amefariki. Kulwa alipewa mwaka mwingine. Hakuna kilichobadilika. Akaacha kwenda. Sasa anauza madaftari kwenye duka la mtu huko Binza, Maswa.

Mwaka huu alipokuja kunisalimia nilimweleza. Tulikuwa tunachambua mchele. Nilisema folda moja niliiomba mimi, siku mbili mfululizo, na Mzee alikataa mara zote mbili.

Aliendelea kutoa mawe. "Nani mwingine angeomba kitu kama hicho, dada?"

Nikasubiri aseme jambo lingine. Alipepeta, akaniuliza kama maji ya kuoshea yapo.

Wiki chache baadaye barua ya chuo ikaja: muda wa juu kabisa umepita, jina lake limeondolewa. Nikaona nimpelekee Mzee habari hiyo mwenyewe, kwa sababu nilisikia kwamba bado anahangaika na ile diski, na nilitaka apumzike.

Anaishi Ngulyati, analima pamba. Nilimkuta mchana, nyumba imejaa magunia ya pamba mpaka dirishani, na katikati ya magunia meza, kompyuta kuukuu, na waya unaopanda hadi sola ya juu ya bati. Koti hakuwa nalo. Alikuwa amekonda.

"Mwadila, Mzee."

"Mwadila, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola." Nikakaa juu ya gunia.

Alianza kuzungumza kabla sijapata mwanzo. Kulwa alichapa maneno ya wale akina mama kama maandishi matupu, alisema, na maandishi matupu hata yakifutwa huacha vipande kwenye diski, mahali ambapo hapajaandikwa kitu kingine juu yake. Kwa miaka miwili alikuwa anaisoma diski ile tangu mwanzo mpaka mwisho, sehemu kwa sehemu, jua likiwepo. Alifungua bahasha. Vipande alikuwa amevichapisha mjini na kuvikata kwa mkasi. Vingine aya nzima, vingine nusu mstari. Kimoja kilikuwa na neno moja tu, "shemeji".

"Tatizo ni kwamba sijui yupi ni yupi," akasema. "Majina hakuyaandika, alifanya vizuri. Lakini wewe maneno haya uliwahi kusomewa. Amefika wapi Kulwa?"

"Wamemwondoa, Mzee. Barua imekuja. Hata kazi ikipatikana yote, hawaipokei tena."

Nje kuku walikuwa wanaparua majani makavu ya pamba. Nilimwambia pia kwamba Kulwa anajua aliyeomba. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemweleza habari za mvua.

"Basi, Mzee, ungepumzika."

"Ningepumzika," akasema. Akasukuma vipande viwili mbele yangu. "Hivi ni vya mama mmoja?"

Nikavichukua. Cha kwanza kilisema mume alipokufa ng'ombe waliondolewa zizini kabla ya matanga kwisha. Cha pili kilisema, "nikawafuata mpaka mtoni nikiwa na kiatu kimoja." Niliisikia sauti ya Kulwa akinisomea, moto ukiwa tayari jikoni.

"Ni mmoja," nikasema. "Ndiye yule aliyefariki."

Akapaka gundi, akavibandika kwenye karatasi, cha kwanza juu, cha pili chini yake. Tukaendelea. Vingi sikuvitambua. Nilivyovitambua nilimwambia, na yeye akabandika, na hakuna kati yetu aliyesema ni vya nini. Mwanga wa dirishani uliposogea tulisogeza meza.

Kipande kimoja kilikatika katikati ya sentensi. "Nikamwambia shemeji yangu kwamba hili shamba,"

"Inaendelea wapi?" Mzee akauliza.

Nikatafuta katika vilivyobaki, nikavigeuza vyote. "Haiendelei, Mzee."

Akakibandika hivyo hivyo. Kisha akapima kwa vidole vyake chini ya kile kipande, akaacha nafasi ya mistari kama sita, tupu, akaanza kubandika cha mama mwingine.